Maji ya Mtaroni Yana Mwenyewe

Mtaro wa maji ya mvua ni wa maji ya mvua. Nimeanza na sentensi ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeona haina haja ya kuandikwa, kwa sababu katika mji huu wa Dar es Salaam ni sentensi inayobishaniwa kila siku, na wanaoibisha hawatumii maneno, wanatumia mabomba. Ndugu msomaji, usiutazame mtaro wakati wa masika, maana wakati huo kila kitu kinatiririka na kila mtu ana kisingizio. Utazame mwezi wa Agosti, baada ya wiki mbili bila tone la mvua. Wakati huo mtaro unapaswa kuwa mkavu kama ubao uliofutwa. Ukikuta maji yanakwenda, hayo hayakutoka mbinguni. Yametoka kwa mtu, na mtu huyo ana nyumba, ana mlango, na ana jina.

Nasema hivi, na nitarudia hata kama wenzangu wamechoka kunisikia katika mikutano ya mtaa: kusafisha mitaro bila kuikagua ni kazi bure. Halmashauri zitembee mitaroni wakati wa kiangazi, zichore ramani ya kila mtaro na kila bomba linaloingia humo, ziandike bomba hilo ni la nani na linatoa nini, kisha ziende kugonga mlango wa mwenye bomba. Mpaka zitakapofanya hivyo, makoleo na matoroli yote tunayopewa siku ya usafi ni mchezo wa kuigiza.

Wengi hudhani kwamba kila shimo lililofunikwa kwa zege barabarani linapeleka uchafu mahali fulani ukasafishwe. La hasha. Mji una mifumo miwili. Mmoja ni wa mabomba ya majitaka, ambao hupeleka machafu ya vyooni kwenye mabwawa ya kusafishia, isipokuwa yale ya katikati ya mji ambayo kwa miaka mingi yalisukumwa moja kwa moja baharini. Mfumo huo ni mdogo. Kwa miaka mingi umewafikia takriban mtu mmoja tu katika kila kumi. Sisi wengine tunatumia mashimo na makaro. Mfumo wa pili ni mitaro ya mvua, na huu hauna bwawa wala chujio. Kinachoingia mtaroni pale Tandale kinashuka Mto Ng'ombe, Mto Ng'ombe unaingia Msimbazi, na Msimbazi unapita chini ya Daraja la Salenda hadi baharini. Njiani maji hayo yanamwagiliwa mchicha katika bonde la Msimbazi, mchicha ule ule unaofika sokoni asubuhi ukiwa na umande na ukipendeza macho. Watafiti wamepima mboga za bonde hilo mara nyingi wakakuta madini mazito ndani yake. Kwa hiyo anayetoboa mtaro usiku ili apitishe bomba la choo chake hajautupa uchafu mbali. Ameupeleka kwenye sahani ya mtu, na huenda ni sahani yake mwenyewe.

Kila maradhi yanapotuingilia anatafutwa mkosaji, na ni ajabu jinsi mkosaji huyo anavyokuwa ama kitu kisichoweza kujitetea, ama mtu asiyeweza kujitetea. Tuliambiwa ni mifuko ya plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ikapigwa marufuku, na mimi niliunga mkono, maana mfuko kweli huziba mtaro. Lakini mfuko wa plastiki hauna choo. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kipindupindu kilianza mjini hapa mwezi wa Agosti, mwezi mkavu (naomba hilo likumbukwe), kikasambaa mikoa mingi ya nchi. Tarehe 9 Desemba mwaka huo gwaride la sherehe za Uhuru likafutwa, taifa zima likaambiwa lishike mafagio. Nilishika la kwangu. Tulitoa mchanga mtaroni tukaurundika ukingoni, na mvua ya kwanza ikaurudisha ndani. Siku ile bomba jeusi lilikuwa likichuruzika mbele ya macho yetu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza linatoka wapi. Tulilizunguka kama watu wanavyomzunguka mlevi harusini.

Katika mtaa wangu kipindupindu kile kilimchukua mama mmoja muuza vitumbua. Mjukuu wa jirani yangu alilazwa kambini siku 4 akapona, alhamdulillahi. Baada ya mazishi likaja tangazo la kupiga marufuku vyakula vya barabarani. Yaani aliyekufa ndiye aliyeshtakiwa. Meza ya vitumbua vyake ilikuwa hatua 6 kutoka mtaroni. Mimi mwenyewe nilizihesabu baadaye. Meza iliondolewa, mtaro ukabaki unatiririka kama kawaida.

Desemba hiyo hiyo nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu na nyingi zikabomolewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mita hizo zilipimwa kwa bidii kubwa. Sheria hiyo hiyo inakataza kumwaga machafu yasiyosafishwa mtoni. Kwa ajili ya sehemu hii ya sheria sikuona hata kopo moja la rangi likinunuliwa.

Sisemi kwamba maskini hawachafui mitaro. Katika vichochoro visivyopitika kwa gari, watu husubiri mvua kubwa kisha wakatapisha vyoo: tundu lililozibwa kwa matambara ubavuni mwa shimo linafunguliwa, na maji ya mvua yanachukua kilichomo. Ni jambo baya na la hatari. Lakini anayetapisha hufanya hivyo mara moja au mbili kwa mwaka, kwa sababu gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia kwake, na hata lingeweza, hana hela ya kulilipa. Sasa mlinganishe na mwenye nyumba ya ghorofa, au gesti, au mahali pa kuoshea magari, ambaye gari hilo linafika mpaka mlangoni pake, ila yeye ameona ni nafuu kununua bomba la inchi 4 na kumlipa fundi kazi ya usiku mmoja. Huyu anatiririsha siku zote 365. Wa kwanza anahitaji huduma. Wa pili anahitaji hati ya mashtaka, na mpaka leo tumekuwa tukiwagawia kinyume.

Kazi yenyewe ya ukaguzi haina uchawi. Unangoja siku 3 mfululizo bila mvua. Unaanzia chini, pale mtaro unapomwaga mtoni au baharini, wala huanzii juu. Kama hapo ni pakavu, unaandika “pakavu” na kwenda mtaro mwingine. Kama pana maji, unapanda nayo. Kila kwenye chemba unafunua mfuniko na kutazama: maji yapo au hayapo? Ukifika chemba yenye maji, na ya juu yake ikawa kavu, basi mwenye maji yuko kati ya chemba hizo mbili, na huna haja ya kuwasumbua watu wa mtaa mzima. Mtaro ukiwa mrefu huendi chemba moja moja. Unafunua ya katikati, unajua ni nusu ipi, kisha unaigawa tena. Ni hesabu ya kugawanya kwa 2. Vijana wangu wa darasa la nne waliiweza.

Halafu unayauliza maji yenyewe. Povu linalosimama ni sabuni. Ute wa kijivu uliong'ang'ania ukutani ni majitaka ya muda mrefu. Rangi inayobadilika siku hadi siku ni ya mtu mwenye biashara ya rangi. Maji meupe yasiyo na harufu huenda ni bomba la maji safi lililopasuka, na hapo wa kuitwa ni mamlaka ya maji. Kipimo cha amonia, ambacho si ghali, kitakuonyesha kama choo kimehusika. Wapo wajanja wanaofungulia usiku tu au siku za Jumapili. Dawa yao ni vifuko vya mchanga: unaviweka chini ya mtaro mkavu kama kizingiti, unaondoka, unarudi baada ya siku moja au mbili. Ukikuta dimbwi nyuma ya vifuko, mtu amefungulia ulipokuwa umelala. Mwisho, ili pasiwe na ubishi, unamwaga rangi isiyodhuru katika choo cha nyumba unayoishuku, na mwenzako anasimama mtaroni na saa mkononi.

Elimu hii si ngeni duniani. Kila mwalimu wa afya amewahi kuwasimulia wanafunzi juu ya John Snow, daktari wa London aliyefuatilia vifo vya kipindupindu mwaka 1854 mpaka mkono wa pampu ya maji ya Broad Street ukaondolewa, kisha akavichora katika ramani. Kipande ambacho hakisimuliwi sana ni kile kilichofuata. Kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, aliendelea kugonga milango, akagundua kwamba katika nyumba namba 40, karibu kabisa na pampu, mtoto mchanga alikuwa ameharisha kabla ya mlipuko, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika karo la nyumba hiyo. Karo likachimbuliwa mwaka 1855. Matofali yake yalikuwa yameoza, nalo lilikuwa umbali wa kama futi 3 tu kutoka kisimani. Ramani ilionyesha mtaa. Ukaguzi ukaonyesha nyumba. Sisi hata ramani ya kwanza tunaiogopa.

Agosti 2022 tulijaribu wenyewe. Tulikuwa wastaafu watatu, mjumbe wetu, na mabinti wawili waliomaliza kidato cha sita wakisubiri nafasi za chuo. Tulianzia kalavati la barabara kuu tukapanda kama kilomita moja, buti miguuni na daftari la mistari mkononi. Kila bomba tulilipa namba, tukaandika upana wake, upande wake na hali yake, na binti mmoja akawa anachukua mahali pake kwa simu. Tulipata mabomba 27. Mabomba 14 yalikuwa makavu, mengi ni ya maji ya paa, na hayo yana haki ya kuwapo. Moja lilitoa maji safi ya bomba lililopasuka chini ya barabara. Tulitoa taarifa na likarekebishwa ndani ya wiki, nashukuru. Matano yalikuwa ya maji ya kufulia na kuogea. Saba yalikuwa ya choo, bila shaka yoyote kwa mwenye pua.

Hilo la 28 halikuonekana. Lilikuwa chini ya zege, na vifuko vya mchanga ndivyo vilivyolisaliti usiku wa Jumamosi. Vilitupeleka kwenye ukuta wa gesti moja kubwa ambayo sitaitaja. Msimamizi wake alitupokea kwa adabu zote.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Karo lenu liko wapi?”

“Mwalimu, wewe ni mzee wetu. Haya mambo ya mitaro si waachie wenye kazi yao?”

Nilimwambia nawatafuta hao wenye kazi yao tangu nistaafu. Tulimwita bwana afya wa kata, kijana mwenye ari, ambaye alikuja na pakiti ya rangi nyekundu na barua ya kumruhusu kuingia. Rangi ikamwagwa chooni ghorofa ya kwanza. Dakika 4 baadaye mtaro uliokuwa wa kijivu ukawa mwekundu, mbele ya mjumbe, mbele ya mabinti, na mbele ya watoto wa shule ya msingi ya jirani ambao huuvuka mtaro huo kwa ubao mara mbili kwa siku. Mpira wao ukitumbukia, huingia kuuchukua kwa mikono.

Bwana afya aliandika taarifa yake vizuri. Jalada likaenda ofisi ya juu, na huko likalala. Nimekwenda mara 5. Mara zote naambiwa, “Mzee wangu, suala lako linashughulikiwa,” kana kwamba mimi ndiye mwenye bomba. Mabomba yale matano ya maji ya kufulia, ambayo wenyewe ni watu wa kawaida, yalipata barua za onyo ndani ya siku 10. Msomaji atajumlisha mwenyewe.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba fedha hakuna. Jibu hili haliwezi kusimama mbele ya historia ya mji wenyewe. Mwaka 2004 ulianzishwa hapa mpango wa kudhibiti malaria, kata 15 katika wilaya 3 za wakati ule. Wakazi wa mitaa hiyo hiyo walipewa kazi ya kuchora kwa mkono ramani za nyumba kumi kumi, kiwanja kwa kiwanja, na kupita kila wiki kutafuta madimbwi na mitaro yenye viluwiluwi vya mbu. Walipita! Mitaro ileile, watu walewale, penseli na karatasi. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na vijana wa mitaani, waliingiza barabara, nyumba na mitaro katika ramani ya kompyuta iliyo wazi kwa kila mtu. Lengo lao lilikuwa mafuriko, na ni lengo jema. Walioona maji ya Desemba 2011 hawatalibeza. Kwa hiyo tunajua kuchora mitaro na tunajua kuingia uani mwa watu tukitafuta mbu. Kinachokosekana ni safu moja tu katika jedwali: mwenye bomba ni nani. Safu hiyo haigharimu fedha. Inagharimu ujasiri, na ujasiri hauombewi mkopo.

Mikopo, kwa kweli, imepatikana. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikopesha nchi dola milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza jiji letu, na mitaro mizuri ya zege imejengwa. Siubezi mradi huo. Lakini karibu na kwangu niliona mtaro mpya ukitobolewa kabla mbao za fundi hazijaondolewa. Hapakuwa na mtu wa kuandika kwamba jana palikuwa na matundu 9 na leo yapo 10, kwa sababu jana hakuna aliyehesabu. Mtaro usio na daftari hauwezi kuibiwa kisheria; utathibitishaje kilichoongezeka?

Kuna mto huko Marekani, katika mji wa Boston, uitwao Charles. Sheria yao ya maji safi ya mwaka 1972 iliongezewa nguvu mwaka 1987 ili ihusu pia mitaro ya mvua, na miji ikalazimishwa kuchora midomo ya mitaro yake na kutafuta waliojiunganishia kwa siri. Mwaka 1995 serikali yao ilianza kuupa Mto Charles alama kila mwaka, kama ripoti ya mwanafunzi. Mwaka ule wa kwanza ulipata D. Walifuatilia bomba kwa bomba, pamoja na kazi kubwa nyingine za majitaka, na mwaka 2013 ukapata A-. Mimi nimejaza ripoti za watoto kwa miaka zaidi ya 30 na ninafahamu nguvu ya herufi moja iliyoandikwa wazi mbele ya mzazi. Hebu Msimbazi nao upewe alama yake kila mwezi wa Agosti, ibandikwe katika kila ofisi ya kata unakopita, na mkurugenzi aitie sahihi.

Pingamizi moja nalikubali kuwa zito. Bwana mmoja alisimama mkutanoni akaniuliza: “Mwalimu, ukiziba hayo mabomba yote kesho, uchafu utakwenda wapi?” Aliuliza vizuri. Yale saba ya choo, matano kati yake ni ya nyumba ambazo karo limejaa na uwanja umekwisha kwa sababu ya vyumba vya kupangisha vilivyoongezwa. Hao wapewe miezi mitatu, wapewe fundi wa kuwashauri, na ambao gari kubwa haliwafikii waletewe pampu ndogo za kusukumwa kwa mkono. Faini za wenye uwezo zilipie hizo pampu. Lakini huwezi kujua unahitaji pampu ngapi kabla hujahesabu makaro, na huwezi kumtofautisha asiyeweza na asiyetaka kabla hujafika mlangoni kwake. Bwana yule akaniambia hapo tumekubaliana, akajitolea kubeba vifuko vya mchanga safari ijayo.

Daftari letu sasa lina mitaro mitatu na kurasa 46. Nakala moja iko kwa mjumbe, nyingine imo katika lile jalada lililolala, na ya asili iko sebuleni kwangu. Mtu wa mtaa wowote anayetaka kuona jinsi tulivyochora mistari ya jedwali, ili aanze la kwake kabla ya mvua za vuli, anakaribishwa siku yoyote baada ya alasiri isipokuwa Ijumaa. Aje na penseli yake.